Tabasamu la Ukuta wa Darasa la Tatu

Nchi yenyewe haitatajwa hapa, kwa sababu ni nchi yenye haya na haipendi kusifiwa isipokuwa na yenyewe. Itoshe kusema kwamba ipo, ina bendera, ina mawaziri wengi kuliko wizara, na inawapenda watoto wake kupita kiasi. Nchi nyingine huwapenda watoto wao kimyakimya, majumbani, kama watu walioiba. Hii iliwapenda kwa vipaza sauti.

Zamani, kabla ya maendeleo, mwalimu wa huko akitaka kujua kama mtoto ana shida alimwita pembeni na kumuuliza, "Mwanangu, una nini?" Mtoto naye, kwa kukosa adabu, alijibu. Hapo ndipo fujo zote zilipoanzia. Huyu amelala na njaa, yule anapigwa na mjomba, mwingine anaogopa choo cha shule. Na kila jibu likadai mtu mzima mmoja ainuke kitini. Serikali ikaona watumishi wake wanachakaa bure. Likaitishwa kongamano, wakala kuku, wakaazimia: ni marufuku kuanzia leo mtoto kuulizwa hali yake akiwa peke yake. Mtoto mmoja anaweza kukosea. Watoto wote kwa pamoja hawakosei, na zaidi ya hapo inapendeza kuwasikia.

Ndivyo lilivyozaliwa Itikio la Usalama. Kila Ijumaa asubuhi wanafunzi wa kila shule husimama mstarini, mwalimu mkuu huuliza, "Watoto, mko salama?" na shule nzima hujibu kwa mpigo mmoja: "Tuko salama! Tunalindwa! Tunashukuruuu!" Wizara ya Ulinzi wa Watoto na Furaha za Shuleni huipima sauti hiyo kwa chombo maalumu, na shule inayopiga kelele kushinda zote ndiyo hutangazwa kuwa na watoto walio salama kushinda wote. Sheria ilikuwa pia na kifungu kimoja cha mwisho, kilichowekwa ili kuwafurahisha wageni wa nje: wasiwasi wowote utakaosikika mstarini, wa mtu yeyote yule, lazima ushughulikiwe kabla jua halijazama. Kifungu hicho kilibandikwa kila darasani pamoja na vingine, na hakikumkosesha mtu usingizi. Katika makelele yale, wasiwasi gani ungesikika?

*

Katika Shule ya Msingi Tulizana, aliyeongoza Itikio alikuwa Mwalimu Pandu Mchenga, mwalimu wa muziki, mtu mfupi mwenye upara unaong'aa na mikono mirefu isiyolingana naye. Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote duniani. Akiinyanyua, watoto walivuta pumzi. Akiishusha, kunguru walihama paa. Kombe la Itikio la wilaya lilikuwa halitoki Tulizana. Lilikaa juu ya kabati la mwalimu mkuu, na Pandu alikwenda kulichungulia kila alipofuata chaki, hata siku ambazo chaki alikuwa nazo mfukoni.

Alikuwa na tabia moja: akiongoza, hufumba macho. Alisema muziki husikika vizuri gizani. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuwahi kuuona uso wa mtoto hata mmoja anayesema yuko salama. Wala hakuuona ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa darasa la tatu, uliotazamana na uwanja wa mstarini. Wizara ilikuwa imeupamba kwa picha ya Mtoto Salama: uso wa duara mkubwa kama tangi la maji, macho mawili ya furaha, na chini yake maandishi UKITABASAMU UKO SALAMA. Mchoraji alipofika kwenye mdomo alikuta ukuta una ufa tayari, umelala vizuri kama upinde. Akaona asisumbuke. Akaupaka ufa rangi nyekundu, akalipwa, akaenda zake. Na ajabu ni kwamba kila muhula tabasamu la Mtoto Salama lilizidi kupanuka, mpaka likawa linakaribia masikio. Wakaguzi walikuja kulitazama wakatokwa na machozi. Walisema hawajapata kuona shule ambayo hata kuta zake zinazidi kufurahi.

Darasa la tatu ndilo lililosimama chini ya tabasamu hilo, migongo kwenye ukuta, kwa kuwa wao ni wafupi na hawaizibi picha.

*

Basi Ijumaa moja Mwalimu Mkuu, Bi Zawena, alipanda jukwaani na miwani yake ya kamba, akauliza swali lake kama kawaida. Shule ikajibu. Ilikuwa moja ya zile siku njema ambazo hata darasa la kwanza waliingia pamoja na wenzao. Pandu, macho yamefumbwa, aliuacha mkono wake juu kidogo, kwa sababu alipenda kuusikiliza mwangwi ukifa taratibu kule kwenye mibuni. Mwangwi ukafa. Kikabaki kimya kidogo, kitamu, cha kisanii.

"Mimi hapana."

Sauti ilikuwa ndogo. Haikuwa na kilio wala hasira. Ilikuwa kama ya mtu anayekataa kuongezewa chai.

Pandu alifumbua macho kwa uchungu. "Nani huyo ameingia nje ya mdundo?"

Bi Zawena alishika mlingoti wa bendera asianguke. Kuuliza ni nani ilikuwa kosa, maana kungekuwa kumuuliza mtoto mmoja. Kutouliza nako ni kuonekana mzembe. Akajikaza, akasema, "Ninyi nyote! Mmoja aliyesema hivyo ni akina nani?"

Darasa la tatu zima liligeuza vichwa kwa pamoja, vizuri kabisa, kama walivyofundishwa, wakamtazama msichana mmoja mwenye pengo mbele. Jina lake Mashavu. Alikuwa amesimama katikati kabisa, chini ya mdomo wa Mtoto Salama, na mabega yake yalikuwa na unga mweupe.

"Jamani, nimekwisha," alisema Bi Zawena, safari hii kwa sauti yake ya nyumbani. Wasiwasi ulikuwa umesikika. Jua nalo lilikuwa linapanda bila kujali cheo cha mtu.

*

Kitengo cha Taifa cha Kuitikia Wasiwasi kilifika kabla ya saa ya uji, kwa magari yenye ving'ora na gari jingine la kubeba viti vya kukalia waliokuja na magari yenye ving'ora. Mkuu wake alikuwa Afisa Lufunga, mwanamume mnene mwenye tai pana na sauti ya mtu ambaye hajapata kukatizwa tangu azaliwe. Alikagua mstari, akauona ukuta, akasimama, mkono kifuani.

"Mtoto Salama anacheka kuliko mwaka jana!" alisema. "Mpigeni picha!" Wakampiga picha.

Kisha akapanda jukwaani.

"Ndugu walimu, na watoto wangu wapendwa. Serikali yenu ni sikivu. Imesikia. Na kwa kuwa imeshasikia, hakuna tena haja ya kusikiliza." Wasaidizi wake wakapiga makofi. "Sasa tutamchunguza mtoto huyu kwa mujibu wa sheria. Darasa la tatu! Mwenzenu Mashavu yuko salama?"

"Yuko salama! Analindwa! Anashukuruuu!" walijibu darasa la tatu, na Mashavu naye akiwemo, maana mdomo ulishazoea.

"Mmesikia wenyewe," alisema Afisa Lufunga. "Hata yeye anakubali kwamba anashukuru. Kwa hiyo tatizo si mtoto. Sisi hatumlaumu mtoto, sera yetu hairuhusu. Mwalimu wa Itikio yuko wapi?"

Pandu alisogea, upara unamtoka jasho.

"Mwalimu, baada ya itikio kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na mwangwi, mheshimiwa."

"Mwangwi ni mzuri, unatusifia mara ya pili. Na baada ya mwangwi?"

"Kimya, mheshimiwa. Kidogo tu."

"Kimya!" Afisa aliwageukia watu wake kama daktari aliyeona uvimbe. "Mnaona? Mwalimu anawaacha watoto wadogo na kimya, hana hata mtu mzima wa kukisimamia. Kimyani ndimo wasiwasi unamopitia. Kimya kizibwe!"

Ikaamuliwa papo hapo. Tulizana itapewa ngoma kubwa ya Wizara, ile inayobebwa na watu wanne, na matarumbeta. Mara tu neno la mwisho la itikio likitoka, ngoma idakie, pasibaki mwanya hata wa kupenyeza kikohozi. Na Ijumaa inayofuata Mheshimiwa Waziri Majigambo mwenyewe atakuja kuuzindua mtindo huo, uliokwisha kupewa jina: Itikio Lisilo na Mwanya. Mashavu alivalishwa kofia ya Wizara iliyoandikwa NIMESIKILIZWA. Ilikuwa kubwa, ikamfunika macho na masikio. Kitengo kikaondoka kikipiga ving'ora, jua likiwa bado mbali kabisa na kuzama.

*

Ikaanza wiki ya mazoezi, na lazima isemwe ukweli: Pandu aliifurahia. Alikuwa hajapata kupewa ngoma kama ile. Wavulana wa darasa la saba waliipiga kwa marungu yaliyovikwa sponji, na ilipolia unasikia tumboni kabla hujasikia masikioni. Matarumbeta yakapasua anga. Pandu katikati, macho yamefumbwa, mikono inachota hewa. Moyo wake ulikuwa unacheza ngoma yake yenyewe. Aliona kombe jingine, la taifa safari hii, na kabati kubwa zaidi.

Kila mazoezi yalipokwisha palikuwa na vumbi. Vumbi kwenye chai ya Bi Zawena, vumbi kwenye upara wa Pandu, vumbi kwenye nywele za darasa la tatu hata wakaonekana wazee. Bi Zawena alisema ni la barabarani. Pandu alisema ni la shangwe. Kitu kimoja tu kilimkera: Mashavu. Kila ngoma ilipolia, mtoto huyo alikuwa anapiga hatua moja mbele na kuharibu mstari.

"Rudi nyuma, Mashavu! Mgongo ukutani!"

Mashavu alirudi. Ngoma ikilia tena, yuko mbele.

Siku ya Alhamisi alimfuata Pandu ofisini, kofia ya NIMESIKILIZWA mkononi, ameishika kama bakuli.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Niko mwenyewe."

"Basi hujasema kitu," alisema Pandu haraka, akatazama dirishani. "Nenda ukalete wenzako mseme pamoja."

Mashavu alifikiri. Sheria ilikataza mtoto kuulizwa peke yake. Haikumkataza kumwaga kofia. Akaigeuza juu ya meza. Zikamwagika chembe za tofali, vipande vya plasta, na kimoja chenye rangi nyekundu upande mmoja. Kisha akaaga kwa adabu akarudi darasani.

Pandu alivipangusa vile vipande viingie kwenye ndoo ya taka. Akaketi. Akainuka tena, akakiokota kile chekundu, akakigeuza. Hakutaka kufikiri, lakini alikuwa ameanza. Akatafuta njia ya halali: akaenda darasa la tatu, akasimama mbele yao wote, akauliza, "Watoto, kuna nini?"

"Hakuna kitu! Tunalindwa! Tunashukuruuu!"

Jibu lilikuwa limepangika vizuri, sauti zote mahali pake. Kwa mara ya kwanza maishani halikumfurahisha.

*

Mchana huo, watoto wakiwa kwenye uji, Pandu aliingia darasa la tatu akafunga mlango. Akatafuta nafasi ya Mashavu, dawati la mwisho nyuma, akajibana mle ndani, magoti yakamfika kidevuni. Kutoka pale dunia ilionekana tofauti kidogo. Ubao ulikuwa mbali. Paa lilikuwa juu sana. Na pembeni, sentimita chache kutoka sikio lake, ukuta ulikuwa umefunguka.

Haukuwa umepasuka tu. Ulikuwa umefunguka kweli, na jua linaingia. Mjusi alitokea uwanjani, akapita ndani, akamtazama Pandu, akaendelea na safari zake kama mwenye nyumba.

Nje, wavulana wa darasa la saba, waliomaliza uji mapema, wakaijaribu ngoma. Puu! Ukuta ukatikisika. Kipande cha tofali kikamdondokea Pandu katikati ya upara. Puu! Pandu akauegemeza mkono wake mrefu ukutani kuuzuia, na mkono ukazama. Ukaingia kwenye ufa mpaka kiwiko, vidole vikatokea upande wa pili, vikawa vinapapasa hewani.

Uwanjani, shule nzima ikapiga yowe. Mtoto Salama alikuwa ametoa ulimi, na ulimi una vidole!

Wengine walikimbia, wengine walisogea kuuvuta. Darasa la kwanza walimwamkia. Na ndani ya darasa, mkono wake ukiwa unasalimiwa na watoto asiowaona, Mwalimu Pandu alielewa yote kwa mara moja: vumbi, kofia, hatua moja mbele. Mtoto alikuwa anasimama kila Ijumaa chini ya ukuta unaokaribia kuanguka, na yeye, Pandu, ndiye aliyekuwa anautikisa kwa sauti zao, tena anamrudisha nyuma. Alitaka kulia, akakumbuka kwamba kwanza lazima autoe mkono.

*

"Ukuta utaanguka, Mwalimu Mkuu! Utawaua watoto!"

Bi Zawena aliacha kupangusa kombe. "Umeulizwa na nani?"

"Sijaulizwa. Nimeuona."

"Mwalimu haoni, Pandu. Mwalimu anaongoza." Kisha akaketi, akavua miwani, na uso wake ukawa wa mtu mwenye hofu. "Ndugu yangu, unajua wanapopelekwa wakuu wa shule wakisikika na wasiwasi mara mbili? Kule mpakani, chaki inafika kwa punda, na punda mwenyewe akijisikia. Mimi nina miguu mibovu. Waziri anakuja kesho. Ukuta umo kwenye ratiba, atapiga nao picha!"

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alimpigia simu Afisa Lufunga, akiwa amesimama, kwa heshima. Alieleza kwa maneno laini kwamba tabasamu la Mtoto Salama limefunguka kidogo kupita kiasi, kwamba mtu anaweza kupitisha mkono. Upande wa pili kikasikika kicheko.

Bi Zawena alirudisha simu mahali pake. "Anasema tumchoree meno."

Mchoraji alikuja jioni hiyohiyo. Akachora meno mazuri, makubwa, meupe, juu na chini. Aliomba radhi kwamba la katikati halishiki rangi, kwa kuwa mahali pake hapana ukuta.

*

Ijumaa ikafika kwa mbwembwe. Palikuwa na mahema, viti vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa maua mgongoni, zulia jekundu kutoka lango mpaka jukwaani, na maji ya chupa kwa wageni. Watoto walipangwa juani tangu asubuhi. Darasa la tatu, chini ya meno.

Mheshimiwa Waziri Majigambo alikuwa mrefu, mwembamba, na kila aliposema neno "mtoto" alifumba macho kama anayeonja asali. Alihutubia muda mrefu. Alisema kwamba mtoto ni ua. Alisema kwamba mtoto ni taa. Alisema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto, hapo akapigiwa makofi kwa ushujaa wake. Alisema kuna nchi ambazo hadi leo zinawachukua watoto mmoja mmoja na kuwauliza shida zao, "mtoto mdogo, peke yake, na shida zake zote, hebu fikirini ukatili huo!" Wageni wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Pandu alisimama mbele ya shule, mgongo kwa Waziri. Wavulana wa ngoma walikuwa wamenyanyua marungu. Wapiga tarumbeta walishavimbisha mashavu. Aliiona ngoma, akauona ukuta, na kwa kuwa hakuyafumba macho, aliwaona watoto. Hakujua kama walikuwa wengi hivyo. Hakujua kama yule wa pembeni hana viatu, wala kwamba wakisubiri kuitikia wote hukaza shingo namna ile. Akamwona Mashavu. Kofia ilikuwa imemfunika mpaka puani, lakini alikuwa ameinua kidevu, anamchungulia kwa chini.

"Watoto wa Tulizana!" alinguruma Waziri. "Mko salamaaa?"

Mikono ya Pandu ikapanda. Shule nzima ikavuta pumzi. Na hapo, mahali ambapo mikono ilitakiwa kushuka, ikabaki juu, ikafumba ngumi.

Kila mtoto wa Tulizana anajua ngumi ya Mwalimu Pandu. Maana yake: kaa kimya. Wakakaa kimya. Wavulana wa ngoma nao wakagandisha marungu hewani, kwa kuwa hata wao walifundishwa na mikono ileile.

Kimya kikatanda juu ya uwanja, kikubwa, hakina msimamizi. Chupa moja ya maji ilisikika ikianguka chini ya hema.

"Mashavu," alisema Mwalimu Pandu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshuka ngazi gizani. "Wewe. Wewe peke yako, mwanangu. Uko salama?"

Mgeni mmoja alizimia kabla ya jibu.

Mashavu alivua kofia. "Mimi hapana, mwalimu. Ukuta unacheza." Akatafuta namna ya kueleza zaidi, akagusa pengo lake. "Unacheza kama jino."

"Hata mimi," alisema mtoto wa jirani yake. "Unanimwagia mchanga."

"Na mimi."

"Na mimi, mwalimu!"

"Darasa la tatu," alisema Pandu, "njooni kwangu. Msikimbie. Njooni."

Wakaja. Watoto wote wa darasa la tatu walitoka chini ya meno, wakapita mbele ya wageni, wakakanyaga zulia jekundu kwa miguu yao yenye vumbi, wakamzunguka mwalimu wao. Pandu akawapungia na wengine mkono, na shule yote ikasogea upande ule kama maji kwenye sinia lililoinamishwa. Wavulana wa darasa la saba wakaiacha ngoma peke yake.

"Ni mwanya!" alipiga kelele Afisa Lufunga. "Mheshimiwa, ni mwanya! Uzibwe!"

"Zibeni!" alipiga kelele Waziri.

Hakukuwa na watoto tena wa kuziba. Basi watu wazima wakajitolea, na hapo ndipo uzalendo ulipoonekana. Maofisa waliruka kutoka kwenye viti vyenye maua, wakaishika ngoma, wakayashika marungu, wengine wakawanyang'anya watoto matarumbeta. Waziri mwenyewe akanyanyua mikono kuongoza, na Wizara nzima ikaitikia kwa nguvu zote za matumbo yaliyoshiba: "Tuko salama! Tunalindwa! Tunashukuruuu!" Puu! ikadakia ngoma. Puu! Puu! Hawakuwa wabaya. Pandu, kama mwanamuziki, alikiri kwamba sauti zao nene zilikuwa na uzito ambao watoto hawawezi kuufikia.

Mtoto Salama alishindwa kujizuia. Tabasamu lilikwenda mpaka sikio moja, likaenda mpaka la pili, kinywa kikafunguka chote, meno yakatoka moja baada ya jingine, na ukuta wote ukacheka hadi chini.

*

Vumbi lilipotulia hapakuwa na aliyeumia. Mahali pa darasa la tatu pa kusimama palikuwa na lundo la matofali lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Watu wazima wote walikuwa weupe, nyusi na tai, kama waliotoka kwenye mashine ya kusaga. Afisa Lufunga alikuwa ameanza tayari kumwelezea mwandishi wa habari kwamba ukuta haukuanguka; ulizidiwa na furaha.

Waziri alikohoa. Alikuwa amepotewa na hotuba, na mtu aliyepotewa na hotuba hurudia anachokijua. "Watoto," alisema kwa unyonge, "mko salama?"

Walimtazama Pandu. Pandu alishusha mikono yake, akaiweka nyuma ya mgongo, akaishikilia huko.

Basi wakajibu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti yake. Mmoja alisema ana kiu. Mmoja alisema yeye yuko salama lakini dada yake nyumbani hayuko. Mmoja alisema choo cha wavulana hakina mlango, mwingine akasema mjomba wake anampiga, na alilisema polepole, akitazama chini. Mmoja wa darasa la kwanza alisema tu kwamba anaitwa Chausiku. Hawakumaliza upesi. Waziri alijaribu kuketi, akakuta viti vimejaa matofali, akalazimika kusikiliza akiwa wima. Bi Zawena alivua miwani, akaenda kwa yule aliyemtaja mjomba, akachuchumaa kwenye miguu yake mibovu, akamuuliza kitu sikioni. Pandu aliwasikiliza wote. Alikuwa ameziongoza sauti hizo miaka yote na hakuifahamu hata moja, na machozi yakawa yanachora njia kwenye vumbi la uso wake.

Askari wawili wakaja kumchukua, mmoja kila kiwiko, kwa kosa la kumuuliza mtoto mmoja. Walimpeleka garini bila ubishi. Alikuwa ameshainama kuingia Mashavu alipotokea mbele yake.

"Mwalimu," aliuliza, "na wewe uko salama?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo, si peke yake wala na wengine. Pandu alimtazama askari wa kulia, akamtazama wa kushoto. Akafungua mdomo na jibu la zamani likamjia lenyewe, lenye sehemu zote tatu. Akalimeza.

"Mimi hapana, Mashavu," alisema.

Alisema kwa sauti, na walikuwa bado kwenye uwanja wa mstarini, na kila mtu alisikia. Mashavu aliirudisha kofia yake kichwani, akaisukuma nyuma ili aone. Kisha akakaa chini mbele ya gurudumu la gari. Chausiku akakaa ubavuni pake, halafu darasa la tatu, halafu wengine wote, mpaka gari likawa limezungukwa pande zote na watoto waliokunja miguu.

"Tokeni njiani," alisema askari. "Mnataka nini?"

"Wasiwasi umesikika," alisema Mashavu. "Lazima ushughulikiwe kabla jua halijazama."

Askari alimtazama Afisa Lufunga, Afisa akamtazama Waziri, na Waziri, ambaye ndiye aliyetia saini kifungu kile kwa ajili ya wageni wa nje, akatazama juu. Jua lilikuwa bado liko juu sana. Dereva akazima gari.